Zipu ya Ukurasa wa Themanini na Nane

Ndugu Mkutubi Mkuu,

Barua yako ya tarehe tisa imenifikia. Nimeisoma mara nne, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea barua za watu, kuzigonga muhuri na kuziweka kwenye majalada ambako hazisomwi tena. Kwa hiyo naomba uniamini ninaposema kwamba yako imeandikwa vizuri. Pambizo zake ni sawa pande zote na hakuna mkato uliokaa pasipo pake. Unasema humo kwamba nimeharibu riwaya kumi na nne za maktaba kwa kuandika ndani yake, kwamba kadi yangu namba 2071 itafutwa mwisho wa mwezi, na kwamba nikiwa na neno la kujitetea niliandike.

Neno ninalo. Ila si la kujitetea, ni la kulalamika, na naliandika kwa heshima zote anazostahili mtu anayelinda vitabu elfu tisa kwa feni mbili.

Kabla ya malalamiko, inafaa umjue anayeumia. Ninaishi na bibi yangu mzaa mama. Ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini na mmoja katika chumba hiki hiki cha mbele ninachoandikia, na cherehani yake bado iko dirishani, imefunikwa kitambaa, nasi tunaitumia kuwekea vikombe. Macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho. Kila siku nikitoka kazini, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, namsomea riwaya. Tumefanya hivyo miaka sita bila kukosa. Nguo zinaweza kungoja kufuliwa, na wageni nao wangoje. Shemeji yetu mmoja aliwahi kukaa kibarazani sura nzima, na alipoingia hatimaye akaambiwa anyamaze kwa sababu kuna mtu anakufa.

Tulikuwa katika ile riwaya ya kihistoria yenye jalada jekundu na kurasa mia sita na nne. Bibi harusi anatoroka asubuhi ya ndoa yake, anaacha gauni sakafuni. Mdogo wake, ili kuinusuru familia na aibu, analivaa gauni lile na kuolewa mahali pake. Miaka arobaini baadaye yule mtoro anarudi. Amesimama mlangoni kwa mdogo wake. Amebisha. Sura inaishia hapo.

Zilikuwa zimebaki sura mbili. Nikaja kuongeza muda wa kuazima. Karani wenu wa mezani, ambaye sisi wasomaji tunamwita Bwana Muhuri, akakifungua kitabu ukurasa wa themanini na nane, akasoma, akakifunga, akakisukuma chini ya meza kwa mguu na kusema, "Dada, hiki hakitoki."

Leo ni siku ya kumi na moja. Jioni nikifungua mlango Bibi hanisalimii. Ananiuliza, "Amefunguliwa?"

Namjibu sijui. Anageukia ukuta.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mavazi katika riwaya za kihistoria. Ukurasa wa themanini na nane unasema hivi: bibi harusi "alishusha zipu, na gauni likamwanguka miguuni kama maji." Nilipofika hapo Bibi aliinua mkono. "Simama. Ameshusha nini?" Nikamwambia zipu. "Mwaka gani huo?" Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikamtajia mwaka. Bibi akacheka kwa pua. "Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa navisha maharusi watatu kwa mwezi. Zipu zilikuwa hazijafika. Andika."

Nikaandika, kwa penseli, pembeni: "Kosa. Mwaka huu zipu zilikuwa hazijafika. Gauni la namna hii lina vifungo ishirini na viwili, mgongoni, vinavyoshikwa kwa vitanzi vya uzi."

Naomba utafakari uzito wa jambo hili, Ndugu Mkutubi, kwa sababu mwandishi hakulitafakari. Hakuna mwanamke anayeweza kufungua vifungo ishirini na viwili vya mgongoni mwake peke yake. Basi alifunguliwa. Na chumbani, kwa mujibu wa ukurasa wa themanini na sita, alikuwemo mtu mmoja tu, mdogo wake. Basi mdogo wake alimfungua. Basi alijua. Lakini kurasa zote mia tano zinazofuata zimejengwa juu ya machozi ya mdogo mtu ambaye hakujua lolote! (Nisamehe alama hiyo ya mshangao, niliiandika kwa wino, haifutiki.) Tangu siku hiyo kila msichana huyu akilia, Bibi anasema, "Lia tu, mnafiki, vifungo vyote ishirini na viwili uliviona." Kwa kosa la zipu moja tumesoma kitabu kizima tukimshuku asiyeshukiwa na mtu mwingine yeyote. Je, aliyeharibu kitabu ni mimi, au ni aliyekiandika?

Nikaanza kukagua riwaya nyingine. Katika sita, mwanamume anamvua mwanamke gauni la zama hizo kwa sentensi moja. Bibi anasema mwanamume wa zama hizo, na vidole vilivyokomaa kwa kazi, angefika kifungo cha tano akaomba maji ya kunywa. Hilo nalo nimeliandika pembeni, mara sita, kila mahali panapohusika.

2. Kuhusu usemi wa watu wa kale. Sijui nani aliwaambia waandishi wetu kwamba babu zetu walizungumza kwa methali peke yake. Katika riwaya moja baba mmoja anakata roho kwa kurasa nne na anatoa methali kumi na moja, mbili kati ya hizo baada ya mwandishi kutuambia kwamba sauti ilikuwa imekwisha. Nimehesabu: katika riwaya tisa za kihistoria, baba wanane wanakufa mvua ikinyesha. Wa tisa anakufa kiangazi, lakini kwa mbali radi inasikika.

Babu yangu alikufa asubuhi kavu ya Jumatano. Maneno yake ya mwisho, Bibi anayo mpaka leo, yalikuwa: "Hiyo redio mmeizima? Betri zitakwisha." Bibi anasema mtu aliyempenda hangeweza kuomba maneno mazuri kuliko hayo, kwa sababu yalionyesha kwamba alikuwa na nia ya kuisikiliza kesho yake. Niliyaandika chini ya methali ya kumi na moja, kama mfano kwa waandishi. Barua yako inayaita "michoro isiyohusiana na matini."

3. Kuhusu riwaya za kisasa, ambazo sasa naziingia. Hizi kosa lake ni jingine: hazina mwisho. Zinaacha tu. Mtu amekaa kituoni, basi linakuja, haijulikani kama atapanda, na ukifunua ukurasa unakuta shukrani za mwandishi kwa mke wake. Mara ya kwanza Bibi alidhani nimeruka kurasa. Mara ya pili aliniambia nikupelekee kitabu useme kilichanika wapi. Mara ya tatu alielewa, akasema, "Huyu fundi amekata nguo, ameunga mabega, ameenda kunywa chai hajarudi. Nguo haina pindo. Nani atavaa?"

Basi tukawa tunazipinda. Ule ukurasa mweupe wa mwisho, ambao maktaba haiutumii kwa lolote, tumeandika humo yaliyobaki, kwa ufupi na bila mbwembwe. Kwa mfano: "Alipanda basi. Alimkuta nyumbani. Walinuniana siku mbili, wakapatana. Jumatatu alirudi kazini." Wasomaji watatu wameweka alama ya vema chini yake, na mmoja ameandika, "Alhamdulillahi, maana nilikuwa silali." Huo ndio unaoitwa uharibifu.

4. Hili nalileta kwa shida, kwa kuwa linanihusu mwenyewe. Katika riwaya za kisasa za rafu yako ya kushoto, kuna saba ambazo mhusika wake ni msichana msomi, hajaolewa, anafanya kazi ya ofisini inayohusu makaratasi, anaishi na mzee, na anakaa dirishani akifikiri. Hafanyi kitu kingine. Anafikiri kurasa mia mbili. Pazia linapepea. Chai inapoa, katika riwaya hizo saba nimehesabu vikombe thelathini na moja vya chai iliyopoa, na hakuna hata kimoja kilichooshwa.

Nilipokuwa nasoma ya tatu Bibi aliniuliza taratibu, "Huyu si wewe?" Nikamwambia si mimi. Nikaendelea. Kurasa mbili mbele akasema, "Na hapo pia si wewe?" Nikainuka nikafunga pazia, kisha nikaona kwamba na yule msichana wa kitabuni alikuwa ameinuka kufunga pazia. Nilitazama kikombe changu. Nilikiosha usiku ule ule, pamoja na vyombo vya wiki nzima, kwa hasira.

Ndugu Mkutubi, mtu haendi maktaba kujiona. Vioo viko msalani, na hata huko vinatosha. Kwa hiyo nimefikiri sana juu ya tofauti ya aina hizi mbili za riwaya, na nimefikia hitimisho ambalo nakuomba ulipokee kwa utulivu: riwaya ya kisasa ni riwaya ya kihistoria ambayo haijaiva. Tatizo lake ni ubichi tu, na ndizi mbichi hazipangwi mezani. Napendekeza riwaya zote za kisasa zifungiwe ghala la nyuma, lile lenye viti vilivyovunjika, kwa miaka hamsini. Baada ya hapo zitatolewa na kupangwa upande wa kulia pamoja na za kihistoria, na wakati huo nitakuwa na miaka sabini na saba na sitajali tena ninafanana na nani.

Utauliza, na ni swali zuri, nani atakuwepo miaka hamsini ijayo wa kuzikagua kama Bibi anavyozikagua hizi. Nitakuwepo mimi. Nimeshaanza. Nina daftari ambamo kila siku naandika watu wa leo wamevaa nini, wamesema nini, na nini kilikuwa hakifanyi kazi. Mfano: "Jumatatu. Mkuu wa masjala, shati la bluu, kifungo cha tatu hakipo. Amesema: Nani amechukua stepla? Feni mbovu." Siku mwandishi atakapokuja kudai kwamba zama zetu watu walikaa madirishani wakitafakari, nitamfungulia ukurasa huo. Kazi hii inachukua muda wangu wote wa ziada, na ndiyo maana Bibi akiniuliza nitaanza lini maisha yangu mwenyewe huwa namwambia nina shughuli.

5. Kuhusu Kalamu ya Kijani. Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipofikia ukingoni. Kama ujuavyo, kitabu kikiombwa na msomaji mwingine hatuwezi kuongeza muda. Tunakirudisha, tunangoja, tunakiazima tena. Ile riwaya nyekundu tumeiazima mara tatu kwa utaratibu huo. Mara ya pili iliporudi mikononi mwetu tulikuta chini ya maandishi yetu ya ukurasa wa themanini na nane, kwa wino wa kijani, maneno mawili: "Zipu zilikuwepo."

Nilimsomea Bibi. Aliweka kikombe chini. "Andika: Hazikuwepo. Aliyeandika hapa ni mshonaji wa miaka arobaini na mmoja." Nikaandika. Mara ya tatu kitabu kiliporudi, kijani kilikuwa kimejibu: "Na mimi ni mvaaji."

Bibi hakula vizuri siku hiyo. Alisema anamjua mtu wa aina hiyo, ni wale wanaokuja na picha iliyokatwa gazetini na kukufundisha kazi yako. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari mwingine wa kijani ambao sikumsomea, kwanza kwa ajili ya afya yake, pili kwa sababu haukuwa na maana yoyote. Ulisema: "Yangu niliishika mkononi." Nautaja hapa kama ushahidi kwamba akili ya mtu huyu haijatulia.

Tangu hapo nimemkuta kila mahali. Anazitetea riwaya za kisasa. Pale tulipopinda ile ya kituo cha basi, ameandika: "Acheni wazi. Mtu anaweza kuwa bado yuko njiani." Pale tulipowapatanisha mume na mke, ameandika: "Huyu harudi. Mimi nawajua." Nakiri kwamba hati yake ni nzuri. Nakiri pia, kwa kuwa barua hii ni ya ukweli, kwamba siku hizi nikiazima kitabu natafuta kijani kwanza kabla ya kusoma sura ya kwanza, na kikikosekana kitabu naona kimepwaya. Lakini hilo halipunguzi kosa lake. Sisi tunatumia penseli, inayofutika. Yeye anatumia wino. Na bado barua ya kufutiwa kadi nimeletewa mimi, yeye hajaletewa.

Nilimwuliza Bwana Muhuri kwa nini. Akasema, "Yule ni mama mtu mzima, dada. Anakuja kila Jumanne na mwavuli wake, jua liwake lisiwake. Nitamwambia nini?" Nikamwambia amwambie alichoniambia mimi. Akasema, "Wewe ni kijana, utavumilia." Nilimwomba jina la mama huyo akakataa, akasema siri ya msomaji ni siri ya msomaji, akagonga muhuri kwenye kitu ambacho nina hakika hakikuhitaji muhuri.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na nimeyapunguza kwa kadiri nilivyoweza.

(a) Kitabu chenye jalada jekundu kirudishwe kwangu kabla mwezi haujaisha, ili mwanamke aliyeachwa mlangoni ajulikane amefunguliwa au hakufunguliwa. Si haki mtu wa miaka themanini na mmoja kungojeshwa na mlango usiokuwa wake.

(b) Bibi yangu ateuliwe Mkaguzi wa Mavazi katika Riwaya za Kihistoria. Hataki mshahara. Riwaya mpya zipitie chumba chetu cha mbele kabla ya kupelekwa rafuni, nasi tutazirudisha zikiwa zimesahihishwa. Naomba jambo hili liharakishwe. Watu wanaojua zamani ilivaa nini wanapungua kila wiki, Ndugu Mkutubi, na maktaba yako inaendelea kununua vitabu kana kwamba wapo tele. Bibi yangu ni rafu nzima, na kwa sasa anatumiwa na mtu mmoja.

(c) Riwaya za kisasa zipelekwe ghalani kama nilivyoeleza hapo juu. Kwa zile saba za rafu ya kushoto, ambazo orodha yake naiambatisha, ufunguo naomba nikae nao mimi.

(d) Kalamu ya Kijani anyang'anywe kadi, jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni, na atakiwe kumwomba radhi kwa maandishi mshonaji wa miaka arobaini na mmoja. Kwa penseli.

Kama kadi yangu ni lazima ifutwe, basi ifutwe baada ya sura mbili hizo. Nitazisoma hapo hapo mezani nimesimama, niziweke kichwani, nije kumsimulia. Lakini nakuonya kwamba mimi si msimuliaji mzuri. Naruka mambo. Bibi atajua.

Nisalimie Bwana Muhuri, simchukii. Nisalimie dada anayepiga deki chumba cha magazeti, ambaye huniruhusu kuinua miguu badala ya kuondoka. Nisalimie mzee anayelala juu ya kamusi kila asubuhi, na yeyote aliyeweka zile alama tatu za vema. Wa nyumbani kwako pia, ingawa siwafahamu, natumaini wanasoma.

Nabaki, mpaka mwisho wa mwezi angalau, mwanachama wako mtiifu,

Namba 2071.

Nyongeza. Kwa kuwa barua hii inamtaja Bibi kama shahidi, niliona ni haki nimsomee kabla ya kuifunga. Alisikiliza vizuri. Alitikisa kichwa kwenye vifungo, akacheka kwenye betri za redio. Nilipofika lalamiko la tano, pale penye "Yangu niliishika mkononi," akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaomba maji. Nikampa, hakuyanywa.

Kisha akaniita kwa ule utani wake wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, kifutio unacho?"

Ndugu Mkutubi, zipu zilikuwa zimefika. Zilikuwa zimefika mwaka mmoja kabla ya ule mwaka wa kitabuni, na zilikuwa zinauzwa duka la tatu kutoka hapa, zimejaa kopo. Ni kwamba Bibi hakuweza kuzishona. Ya kwanza aliyoijaribu ilitoka imepinda kama njia ya mchwa, ikaharibu hariri ya watu. Kwa hiyo akawa anawaambia wateja kwamba zipu hazijafika, na akawaambia hivyo kwa miaka kumi na mmoja, kwa sauti ile ile aliyoniambia mimi, mpaka mwenyewe akaanza kuamini. Vifungo ishirini na viwili ndivyo alivyovijua, basi mji mzima ukafungwa vifungo ishirini na viwili.

Alikuwepo rafiki yake, waliyecheza naye tangu kabla ya kung'oka meno ya utoto. Alikuwa anaolewa Jumamosi. Alikuja na zipu yake mwenyewe, ameishika mkononi, imefungwa karatasi. Bibi aliifungua karatasi, akaitazama, akamwambia, "Hii si zipu. Hii ni kitu cha kufungia mabegi." Rafiki aliikunja tena karatasi yake. Alivuka barabara kwa fundi mwingine, akaolewa na zipu. Bibi hakwenda harusini. Hawajasalimiana miaka hamsini na tisa, na kumbe wote wanasoma vitabu vya maktaba moja.

Nilimwuliza mbona hakukwenda kumwomba radhi. Alisema, "Na kile kitu kilikuwa zipu, ningeanzia wapi?"

Kwa hiyo naomba kurekebisha. Lalamiko la kwanza naliondoa. Mwandishi alikuwa sahihi, bibi harusi alishusha zipu mwenyewe, na mdogo wake hakujua lolote. Bibi anamwomba radhi kwa kurasa mia tano za matusi. Ombi (b) nalo naliondoa, mhusika amejiuzulu. Kifutio tunacho na tutakuja kufuta, vitabu vyote kumi na vinne, isipokuwa pale penye betri za redio, kwa kuwa hapo Bibi yuko tayari kuapa. Ombi (c) naomba nilifikirie upya, nikiwa mbali na dirisha.

Ombi (d) ndilo la haraka. Tafadhali usimnyang'anye kadi. Mwachie Bwana Muhuri barua hii ampe Jumanne, na kitabu chekundu aazime yeye, kwa kadi yake, aje nacho. Nyumba ni ile ile, ng'ambo ya fundi aliyemvukia barabara, ingawa fundi mwenyewe hayupo tena na sasa pale wanatengeneza simu. Sura mbili zilizobaki hatutazisoma mpaka afike. Bibi amenituma niondoe vikombe juu ya cherehani, naye amekaa hapo dirishani ambapo haoni kitu, na tangu saa kumi na mbili ameniuliza mara tatu leo ni siku gani.

Ni Ijumaa tu, Ndugu Mkutubi.